Udongo wa Tshopo unakula mifupa: wanasayansi wanapataje umri wa mabaki ya kale?

Mtu anayechimba udongo wa matofali, shimo la choo au machimbo ya dhahabu katika jimbo la Tshopo anaweza kukutana na vigae vya vyungu vilivyofinyangwa karne nyingi zilizopita. Anaweza kukuta vipande vya mkaa na mabaki ya jalala la kijiji ambacho hakuna anayekikumbuka. Lakini mifupa ya watu waliopika kwa vyungu hivyo ni nadra sana kuonekana.

Si kwamba wafu hawakuzikwa. Walizikwa, na udongo ukawamaliza. Ndiyo maana mfupa wa kale ukipatikana kandokando ya Mto Congo, Lomami au Aruwimi, wataalamu huupokea kwa furaha iliyochanganyika na hofu. Ili ujulikane una umri gani, sehemu yake lazima isagwe, itiwe asidi na kuchomwa. Sehemu hiyo hairudi tena. Kosa dogo likifanyika kabla ya hapo, hata kuuosha tu kwa dawa isiyofaa au kuuunganisha kwa gundi, mfupa utakuwa umeharibiwa bure.

Kwa nini mifupa hupotea msituni?

Udongo mwekundu na wa manjano wa maeneo ya Kisangani na Yangambi una asidi nyingi. Kwenye kipimo cha pH, ambapo 7 ni hali ya kati kama maji safi, udongo wa msitu huo mara nyingi huwa karibu na 4. Mvua nayo hunyesha karibu mwaka mzima, na joto la wastani ni takriban nyuzi 25.

Mfupa una vitu viwili vikuu. Kuna madini ya kalsiamu yanayoupa ugumu, na kuna kolajeni, protini inayoyashikilia madini hayo kama nyuzi ndani ya kamba. Asidi ya udongo huyeyusha madini. Joto, maji na vijidudu huivunja kolajeni. Baada ya muda linabaki doa tu kwenye udongo, na pengine meno machache, kwa sababu jino ni gumu kuliko mfupa.

Kwingineko nchini Congo hali ni tofauti. Katika bonde la Upemba, Katanga ya zamani, makaburi ya Sanga karibu na Ziwa Kisale yalianza kuchimbwa na wanaakiolojia mwaka 1957, na mifupa ilikutwa pamoja na vyungu na vyuma walivyozikwa navyo wafu. Ishango, kwenye Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 na kupata mifupa mingi ya samaki, wanyama na watu, pamoja na ule mfupa maarufu wenye mistari iliyochongwa kama hesabu. Katika jimbo jirani la Ituri, pango la Matangai Turu lilihifadhi mabaki ya mtu yaliyokadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka 800, na taarifa yake ya kitaalamu ilichapishwa mwaka 2001. Miaka 19 baadaye, watafiti walifaulu kutoa DNA kwenye mabaki hayo.

Matangai Turu ni somo muhimu kwa Tshopo, kwa sababu nako ni msituni. Paa la mwamba liliukinga mfupa na mvua, na kinga hiyo ilitosha kuuhifadhi.

Kwa maeneo yasiyo na mapango, historia ya msitu imeandikwa zaidi kwa mkaa. Mwaka 2010 msafara wa kisayansi uitwao Boyekoli Ebale Congo, uliowakusanya watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani na wa taasisi za Ubelgiji, ulifanya kazi mtoni kati ya Kisangani na Bumba, na wanaakiolojia walikuwemo. Mwaka 2021 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti uliokusanya tarehe 1,149 za radiokaboni kutoka maeneo 726 ya msitu wa Congo na pembezoni mwake. Utafiti huo ulionyesha kwamba watu waliongezeka kuanzia takriban mwaka 800 kabla ya Kristo, wakapungua sana kati ya mwaka 400 na 600 baada ya Kristo, kisha wakaongezeka tena kuanzia mwaka 1000 hivi.

Mkaa unaeleza ni lini mti uliacha kukua. Hauelezi mtu alikula nini wala alizaliwa wapi. Maswali hayo yanahitaji mfupa.

Saa iliyo ndani ya mwili

Hewa tunayovuta ina kaboni ya aina kadhaa. Mojawapo, kaboni-14, ni chache mno na hupungua yenyewe kadiri muda unavyopita. Mimea huichukua hewani, wanyama hula mimea, nasi tunakula vyote viwili. Kiumbe anapokufa huacha kupokea kaboni mpya, na ile aliyokuwa nayo huanza kupungua. Baada ya miaka 5,730 hivi inabaki nusu, na baada ya miaka mingine kama hiyo inabaki robo.

Mmarekani Willard Libby na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba upungufu huo unaweza kutumika kupima umri, na mwaka 1960 Libby akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Njia hiyo hufika takriban miaka 50,000 nyuma. Kabla ya hapo kaboni-14 inayobaki ni kidogo mno kupimika. Ndiyo maana ncha za mifupa za kuvulia samaki zilizopatikana Katanda, kwenye Mto Semliki, zilikadiriwa mwaka 1995 kuwa na umri wa miaka 90,000 hivi kwa njia nyingine kabisa.

Siku hizi mashine inahitaji miligramu moja ya kaboni au hata pungufu. Ugumu uko katika kuhakikisha kwamba kaboni hiyo ni ya marehemu mwenyewe, wala si ya mizizi, udongo, jasho la mchimbaji au gundi ya jumba la makumbusho.

Kazi inaanzia shimoni

Kabla ya kuuondoa mfupa, mtaalamu huupiga picha pale pale ulipo, huchora mahali ulipolala na kuandika kina chake na rangi ya udongo unaouzunguka. Kaburi huchimbwa kutoka juu kwenda chini, na mara nyingi hukata tabaka za zamani zaidi. Mkaa ulio kando ya mifupa unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko marehemu kwa miaka elfu moja. Hilo ni sababu mojawapo ya kuupima mfupa wenyewe badala ya kutegemea kilicho jirani yake.

Mfupa hushikwa kwa glavu safi au kwa kifaa cha chuma. Hukaushwa polepole kivulini, kwa sababu jua la Kisangani huweza kuupasua kwa saa chache. Kisha hufungwa kwa karatasi ya alumini na kuwekwa ndani ya mfuko wenye maelezo kwa nje. Haufungwi kwa pamba wala gazeti, maana vyote viwili vimetokana na mimea na vina kaboni. Ukifungwa ukiwa na unyevu kwenye plastiki, kuvu huota, na kuvu nayo huleta kaboni mpya.

Gundi ni tatizo la pekee. Gundi inayotokana na mafuta ya petroli haina kaboni-14 kabisa, hivyo huufanya mfupa uonekane mzee kuliko ulivyo. Gundi ya kienyeji inayochemshwa kwa ngozi na kwato za wanyama ni mbaya zaidi, kwa kuwa yenyewe ni kolajeni, na maabara haina njia rahisi ya kuitenga na kolajeni ya marehemu.

Maabara: asidi, kisha supu

Hatua ya kwanza maabarani ni kuuliza kama inafaa kuendelea. Mtaalamu huchukua miligramu chache za unga wa mfupa na kupima nitrojeni, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye protini. Nitrojeni ikiwa chini ya takriban asilimia 0.7, uwezekano wa kupata kolajeni ya kutosha ni mdogo, na wengi husimama hapo. Baadhi ya maabara huangaza mfupa kwa mwanga wa infraredi ili kukadiria kolajeni bila kuukata. Kwa mifupa ya msituni hatua hii ina thamani kubwa, kwani huzuia kusaga kitu ambacho hakitatoa jibu.

Kukiwa na matumaini, hukatwa kipande cha nusu gramu hadi gramu moja hivi. Wataalamu hupendelea sehemu nene na ngumu, kama ukuta wa mfupa wa paja, au mzizi wa jino. Sehemu zinazoonyesha ugonjwa, jeraha au alama za kukatwa huachwa, maana hizo zina habari zake. Kabla ya kukata, mfupa hupigwa picha, hupimwa vipimo vyote na, pale panapowezekana, hutengenezewa nakala.

Kisha uso wa kipande hukwanguliwa na kuondolewa, kwa kuwa ndio uliogusana na udongo na mikono. Kinachobaki huvunjwa kuwa chembe ndogo na kutiwa kwenye asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa makali. Madini huyeyuka polepole huku mapovu yakitoka. Kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa au siku kadhaa, mara nyingi kwenye ubaridi, kwa sababu asidi kali au joto vingeiharibu kolajeni yenyewe. Madini yakiisha, kipande huwa laini na kinapinda.

Inafuata safisha ya alkali nyepesi, inayoondoa tindikali za majani yaliyooza, zile zinazoyapa maji ya vijito vya msituni rangi ya chai. Katika mifupa ya Tshopo hatua hii hairukwi. Baada yake asidi hurudiwa, ili kuondoa kaboni ya hewani ambayo alkali huinyonya.

Hatua inayofuata ingeeleweka na mtu yeyote aliyewahi kupika makongoro. Miguu ya ng'ombe ikichemshwa muda mrefu, supu yake ikipoa huganda. Kinachoigandisha ni kolajeni iliyogeuka gelatini. Maabara hufanya vivyo hivyo kwa utaratibu: kolajeni hutiwa kwenye maji yenye asidi kidogo sana, yakawekwa katika joto la nyuzi 70 hadi 75 kwa takriban saa 20. Kolajeni huyeyuka, na uchafu usioyeyuka hubaki chini. Njia hii ilielezwa na Robert Longin mwaka 1971 na bado ndiyo msingi wa kazi hiyo.

Supu hiyo huchujwa. Maabara nyingi huichuja mara ya pili kwa chujio laini sana linalobakiza molekuli kubwa za kolajeni na kuachia zile ndogo zilizovunjika au kuingia kutoka nje. Mwishoni hugandishwa na kukaushwa bila kuchemka. Kinachopatikana, kazi ikienda vizuri, ni kitu cheupe, chepesi kama pamba.

Pamba hiyo huchomwa ikawa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hugeuzwa kuwa grafiti, kitu kile kile kilicho ndani ya penseli, kwa msaada wa haidrojeni na unga wa chuma. Grafiti hushindiliwa kwenye kitundu kidogo cha chuma. Hapo ndipo mashine huanza kuhesabu atomu.

Maabara inayojua kukataa

Maabara nzuri hujulikana kwa majibu inayokataa kuyatoa. Kolajeni iliyopatikana ikiwa chini ya asilimia 1 ya uzito wa mfupa, jibu hutiliwa shaka. Uwiano wa kaboni na nitrojeni nao hupimwa: katika kolajeni nzuri huwa kati ya 2.9 na 3.6. Ukizidi hapo, huenda kuna uchafu wenye kaboni uliobaki.

Uzito wa jambo hilo hutegemea umri. Mfupa wa miaka 800 ukichanganyika na asilimia 1 ya kaboni ya kisasa, jibu litakosea kwa miaka isiyofika 10. Mfupa wa miaka 40,000 ukichafuliwa kwa kiasi hicho hicho, utaonekana kuwa na miaka 33,000 hivi. Miaka 7,000 ya historia hupotea kwa chembe ambayo macho hayaioni.

Mifupa iliyoungua hadi kuwa myeupe haina kolajeni tena. Hiyo huweza kupimwa kwa kaboni iliyonaswa ndani ya madini yake, ingawa sehemu ya kaboni hiyo huenda ilitoka kwenye kuni zilizouchoma.

Samaki na ikweta

Hata sampuli safi inahitaji kusomwa kwa akili. Wakazi wa kando ya Mto Congo, wakiwemo Wagenia wanaovua kwenye maporomoko ya Kisangani, wamekula samaki kwa vizazi vingi. Maji ya mito na maziwa wakati mwingine hubeba kaboni ya zamani kutoka kwenye miamba na udongo, nayo huingia kwa samaki na kisha kwa mlaji. Mfupa wa mlaji huyo huweza kuonekana mzee kuliko ukweli. Kwa hiyo maabara hupima pia aina nyingine za kaboni na nitrojeni zinazoonyesha chakula cha marehemu, na inapowezekana hupima mfupa wa mnyama wa nchi kavu kutoka kaburi lile lile.

Ishango ilishawahi kuonyesha tatizo hilo. Kipimo cha mapema cha magamba ya konokono wa ziwani kilitoa miaka 21,000 hivi. De Heinzelin alikitilia shaka kwa sababu ya kaboni ya maji ya ziwa, na mwaka 1962 akaandika kwamba makazi hayo yalikuwa ya kati ya mwaka 9000 na 6500 kabla ya Kristo. Uchunguzi wa baadaye ulirudisha umri kwenye miaka 20,000 au zaidi. Mfupa ni ule ule. Nafasi yake katika historia ya dunia ilibadilika kwa maelfu ya miaka.

Jambo la pili ni kwamba miaka ya radiokaboni hulinganishwa na jedwali la kusahihisha kabla ya kuwa miaka ya kalenda. Kuna jedwali la kizio cha kaskazini na la kizio cha kusini, yote mawili yakiwa yamesasishwa mwaka 2020. Kisangani iko nusu nyuzi tu kaskazini ya ikweta, ambako hewa za pande zote mbili huchanganyika. Mtafiti anapaswa kusema ametumia jedwali lipi na kwa nini.

Mfupa wa kale au wa jana?

Katika Tshopo si kila mfupa unaofukuliwa ni wa kale. Kisangani ilipitia umwagaji damu wa mwaka 1964, na Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji kwa siku sita. Raia wengi waliuawa, na wengine walizikwa haraka haraka.

Hapa radiokaboni husaidia kwa namna nyingine. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 karibu yalizidisha maradufu kaboni-14 ya hewani. Mtu aliyeishi baada ya hapo ana alama hiyo mwilini, na babu wa karne ya 15 hana. Kipimo hakitaji mwaka kamili wa kifo, kwa sababu mfupa wa mtu mzima hujijenga upya polepole. Lakini huweza kutenganisha kaburi la mababu na ushahidi wa jinai. Kwa familia ambayo haijui ndugu yake alilala wapi, tofauti hiyo ni kubwa.

Nani anaruhusu mfupa usagwe?

Juni 2022 jeneza lenye jino la Patrice Lumumba lilipita Kisangani, baada ya Ubelgiji kulirudisha. Waendesha mashtaka wa Ubelgiji walikuwa wameeleza kwamba DNA haikupimwa kwa kuwa kipimo kingeliharibu jino lenyewe. Watu wengi walielewa sababu hiyo bila kusomea kemia. Swali hilo hilo linahusu kila mfupa wa binadamu: je, tunachopata kinalingana na tunachopoteza?

Congo ina sababu ya kuliuliza kwa sauti. Mwaka 1884 chifu Lusinga aliuawa karibu na Ziwa Tanganyika na kikosi cha ofisa Mbelgiji Émile Storms, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji bila familia kuulizwa. Leo kuna sheria ya ulinzi wa mali za utamaduni, iliyotiwa saini tarehe 15 Machi 1971, na kuna Taasisi ya Makumbusho ya Taifa. Uchimbaji wa kiakiolojia unahitaji kibali. Lakini kibali cha Kinshasa hakiwezi kuchukua nafasi ya mazungumzo na chifu wa eneo na wazee wa ukoo, wala ahadi ya kurudisha mabaki yasiyotumika pamoja na matokeo, katika lugha wanayoielewa.

Umbali nao unaongeza ugumu. Sampuli nyingi za Afrika ya Kati hupimwa Ulaya au Marekani, kwa mamia ya dola kila moja. Bara hili lina historia yake katika fani hiyo: Cheikh Anta Diop alianzisha maabara ya radiokaboni Dakar katika miaka ya 1960, na iThemba LABS ya Johannesburg ina mashine ya kuhesabu atomu. Kinachoweza kufanyika Kisangani bila mashine hiyo ni hatua za awali: kuchimba vizuri, kuhifadhi, kuandika kumbukumbu na kuchagua kipande. Hizo ndizo zinazoamua kama mashine itasema kweli.

Tahadhari moja zaidi. Tangu mwaka 2023 mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeua watu na kuwafukuza maelfu makwao. Katika hali hiyo wapo watakaotaka mfupa useme nani alifika kwanza. Radiokaboni hutaja wakati ambapo mtu aliishi. Haitaji kabila lake, na mipaka ya makabila ya leo haikuwepo kwa sura hii miaka 1,000 iliyopita. Tarehe ya maabara si hati ya kiwanja.

Ukikuta mfupa

Acha kuchimba, usiuoshe wala kuuunganisha. Piga picha mahali ulipo ukiweka kitu kando yake kuonyesha ukubwa, kisha ufunike kwa udongo ule ule uliotoka hapo. Mjulishe chifu wa mtaa na mamlaka, hasa kama kuna nguo, viatu au risasi karibu yake, kwani hapo jambo ni la mahakama kabla ya kuwa la historia. Vikiwepo vyungu au vyuma vya kale, visihamishwe, kwa kuwa mahali vilipolala ni sehemu ya jibu.